Mgosi, Msimu Huu Tuko Wapi?

Leo naongea nawe nikitokea Kigombe. Kwa wewe unayesikiliza kutoka mbali, Kigombe ni kijiji cha wavuvi katika wilaya ya Muheza. Ukitoka Tanga mjini unashika barabara ya Pangani, unayapita magofu ya Tongoni, unaendelea na mashamba ya mkonge, na bahari iko mkono wako wa kushoto mpaka unafika. Huku kuna dagaa, kuna pweza, kuna mwani, na kuna mabishano yasiyokwisha ya Coastal Union, timu yetu ya Tanga.

Ligi kuu inafungua pazia, kusi bado linavuma, na swali liko mdomoni kwa kila mtu: mgosi, msimu huu tuko wapi?

Nimelikuta swali hilo dikoni, pale wavuvi wanapopandishia mashua. Ni mbalamwezi, na mwezi ukishakuwa mkubwa mvuvi wa dagaa hana kazi baharini, maana taa zake hazishindani nao. Basi mashua zimepandishwa mchangani, nyavu zimetandazwa kivulini, na vijana wameketi juu yake wanaziba palipochanika. Mkono unashona wavu, mdomo unafanya usajili. Huyu anamtaka beki wa kushoto, yule anataka namba tisa, na wa tatu anasema timu haina tatizo la wachezaji, ina tatizo la viongozi. Hayo ya viongozi nimeyasikia tangu nikiwa mdogo, na waliokuwa wakilaumiwa wakati ule wengi wao wamekwisha kuwa marehemu.

Kijana mmoja wa bodaboda, jezi yake ya Yanga, anamsalimia mzee mwenye baraghashia aliyeketi pembeni na kikombe cha kahawa: "Shikamoo mzee. Mwaka huu tunashuka daraja." Mzee hakugeuza hata shingo: "Marahaba. Utashuka wewe na pikipiki yako." Mama mmoja mnunuzi wa dagaa, ndoo iko kichwani, akapita akisema yeye hana haja na kombe, anataka tu Jumatatu asichekwe sokoni.

Msikilizaji, nimewasikiliza watu hawa na nataka nikwambie nilichokiona. Hawa watatu hawabishani juu ya timu moja. Kila mmoja ana mwaka wake kichwani. Mzee ana 1988. Kijana wa bodaboda ana 2016. Yule mama, pengine bila kujua, ana 2024. Ukiielewa miaka hiyo mitatu, utaelewa kwa nini Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, wanaanza kila msimu wakiwa na furaha na hofu kwa pamoja.

Tuanze na mwaka wa mzee. Coastal Union ilianzishwa mwaka 1948, na mwaka 1988 ikawa bingwa wa Tanzania Bara. Juma Mgunda alikuwemo, Hussein Mwakuruzo alikuwemo, na uwanjani kwetu Mkwakwani palikuwa hapakaliki kwa mgeni. Zama zile mikoa ilikuwa na sauti. Miaka miwili kabla, mwaka 1986, Tukuyu Stars kutoka Rungwe walipanda daraja na papo hapo wakabeba ubingwa. Baadaye Mtibwa Sugar ya Morogoro ikatwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Kisha mlango ukafungwa. Tangu Mtibwa wachukue ule wa mwaka 2000, kombe la ligi halijatoka Dar es Salaam: likitoka Jangwani kwa Yanga linakwenda Msimbazi kwa Simba, na mara moja tu, mwaka 2014, likaenda kulala Chamazi kwa Azam. Mtibwa wenyewe walishuka daraja mwaka 2024. Kwa hiyo mzee wetu akisema "tulishawahi", anasema kweli. Lakini ligi aliyoishinda yeye na ligi inayoanza sasa ni ligi mbili tofauti, na anayepanga matarajio ya msimu huu kwa kipimo cha 1988 anajitafutia presha bure.

Mwaka wa pili ni 2016, na hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye somo. Msimu wa 2015/16 mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu ligi kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Timu tatu kutoka mkoa mmoja! Tulitamba mpaka Kenya wakasikia. Msimu ulipokwisha, zote tatu zikashuka daraja. Zote, msikilizaji. Mashabiki wa Coastal wa barabara ya 11 na wa Sports wa barabara ya 12, waliozoea kutaniana, wakakosa cha kutaniana.

Lakini sikiliza jambo la ajabu. Januari ya mwaka huo huo, Coastal iliichapa Yanga mabao 2-0 pale Mkwakwani. Aprili ikaenda Dar es Salaam ikaitoa Simba kwa mabao 2-1 kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Timu iliyomfunga Yanga na kumfunga Simba ndani ya msimu mmoja ndiyo iliyoteremka. Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu ushindi dhidi ya Yanga unaleta pointi tatu tu, sawasawa na ushindi dhidi ya timu ambayo jina lake hatulikumbuki. Tulikuwa tunaamka siku za wakubwa, halafu siku za wadogo tunalala. Ligi haina pointi za heshima.

Kwa hiyo kijana wa bodaboda anapoogopa kushuka, usimcheke. Kumbukumbu yake haimdanganyi. Ila na yeye namwambia: ukiona timu imefungwa na Simba wiki ya pili, huo si ushahidi wa kushuka. Ukiona imetoka sare nyumbani mara tatu na timu za saizi yake, hapo ndipo uanze kuhesabu vidole.

Sasa mwaka wa tatu, 2024. Turudi nyuma kidogo, mpaka mwanzo wa msimu wa 2023/24. Timu ilianza vibaya mno. Kocha alikuwa Mwinyi Zahera, yule aliyewahi kuifundisha Yanga. Ilipofika Oktoba alikuwa ameshaondoka, na vijiweni watu walikuwa wameshaandika wosia. Akaja Mkenya, David Ouma. Golini alisimama Mkongomani, Ley Matampi, na mbele yake ukuta uliokuwa na vijana kama Lameck Lawi. Coastal haikuanza kufunga mabao mengi ghafla; iliacha kufungwa. Matampi alimaliza msimu akiwa hajaruhusu bao katika mechi 15, akawapita makipa wote wa ligi, wa Simba na Yanga wakiwemo, akachukua tuzo ya kipa bora. Na timu iliyoanza msimu kwa kilio ikamaliza nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Basi Agosti 2024 ilipofika, ungemwambia nani kitu Tanga? Mwanzo wa msimu ule ulikuwa wa kifalme. Tunacheza Afrika! Tukaenda Zanzibar kwenye Ngao ya Jamii, Azam wakatufunga 5-2. Tukaenda Angola kucheza na Bravos do Maquis, tukafungwa 3-0. Marudiano yakaisha bila bao, tukatolewa. Kocha aliyetupeleka nafasi ya nne akaondoshwa hata msimu haujachangamka. Halafu timu ikahama uwanja: mechi za nyumbani zikawa zinachezwa Arusha, pale Sheikh Amri Abeid, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Yanga walikuja "ugenini" kwa Coastal Oktoba ile, wakashinda 1-0, na mwenye nyumba ndiye aliyesafiri.

Weka misimu hiyo miwili ubavu kwa ubavu. Mmoja ulianza kwa kilio ukaishia nafasi ya nne. Mwingine ulianza kwa tambo ukaishia kuhangaika. Sasa niambie, mwanzo wa msimu unatabiri nini? Nahodha wa mashua ya dagaa hahukumu kipindi kizima cha giza kwa usiku wa kwanza. Kuna usiku unarudi na ndoo mbili, na kesho yake mashua inakaribia kuzama kwa mzigo. Ligi ina timu 16 na mechi 30. Mechi tatu za mwanzo ni moja ya kumi ya safari. Anayetoa hukumu hapo ana haraka zake mwenyewe.

Sasa utaniuliza, kama matokeo ya mwanzo hayasemi kitu, tuangalie nini? Nimewapa watu wa dikoni maswali matatu, nawe nakupa.

Swali la kwanza: nani amebaki? Sisi mashabiki tunapenda kuuliza nani amekuja. Picha za wachezaji wapya wakishika jezi zinapita kwenye simu, tunafurahi, tunasahau kuhesabu waliotoka. Mwaka 2020 Coastal ilikuwa na mabeki wa kati wawili wa kuaminika, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Ame, na mbele alikuwepo Ayoub Lyanga. Dirisha lilipofunguliwa, Mwamnyeto akaenda Yanga, Ame akaenda Simba, Lyanga akaenda Azam. Wakubwa watatu, kila mmoja na fungu lake. Matokeo? Msimu uliofuata Coastal ilijikuta kwenye mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza, ikipigania kubaki ligi kuu. Ilibaki kwa jasho.

Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 2022, timu hiyohiyo ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Arusha, mbele ya Yanga. Kijana Abdul Suleiman, Sopu, akafunga mabao matatu peke yake. Mechi ikaisha 3-3, tukapoteza kwa penalti 4-1. Kijana anaifunga Yanga matatu kwenye fainali, halafu unategemea abaki barabara ya 11? Akaenda Azam. Septemba ya mwaka huo Simba wakamchukua na kocha, Juma Mgunda. Sisemi kuuza ni kosa. Klabu isiyo na tajiri inaishi kwa kuuza, na mchezaji ana haki ya kutafuta riziki pazuri zaidi. Kosa ni kuuza beki leo na kuanza kumtafuta wa kuziba pengo kesho kutwa, dirisha likiwa limebaki upenyo. Kwa hiyo mwanzo wa msimu mtazame kipa, mabeki wawili wa kati na kiungo mkabaji. Hao wakiwa ni walewale wa mwaka jana, lala usingizi. Wakiwa wote wapya, wape mechi kumi kabla hujawatukana.

Swali la pili: nani anafundisha, na ataachwa afundishe? Mgunda alikaa. Aliirudisha timu ligi kuu mwaka 2018, mwaka ule ambao hata Alikiba alisajiliwa Coastal na watu wakafurika kumwona mwanamuziki akiwa na jezi. Na ile fainali ya 2022 aliifikia yeye. Baada yake benchi limekuwa kama stendi ya mabasi. Ni kweli kwamba kumtoa Zahera na kumleta Ouma kulizaa matunda. Lakini kumtoa Ouma mapema hakukuzaa nafasi nyingine ya nne. Kubadili kocha kunaweza kuwa dawa, na dawa ikinywewa kila wiki inakuwa sumu.

Swali la tatu, na kwangu ndilo kubwa: tutachezea wapi? Timu ina mechi 15 za nyumbani. Kwa klabu kama yetu, hizo ndizo za kuishi. Ugenini unaokota unachokipata, nyumbani unavuna. Mkwakwani ukiwa wazi, mtu wa Kigombe anamaliza shughuli zake asubuhi, anapanda gari la Tanga, saa kumi yuko jukwaani, na usiku yuko kwake. Mechi ikiwa Arusha, mtu huyohuyo anaishia banda umiza, analipa kiingilio chake, anatazama mechi yake ya nyumbani kwenye televisheni. Kelele zake hazimfikii mwamuzi wala mpinzani. Mkwakwani kila mwanzo wa msimu unapimwa na wakaguzi: eneo la kuchezea, vyumba, uzio. Nyasi zile ni beki wa tatu wa Coastal. Zikifa, tunaanza kila mechi tukiwa pungufu.

Na tusijidanganye kwamba uwanja huo hauna watu. Agosti 2023 Ngao ya Jamii ilichezwa hapo hapo Mkwakwani, Simba na Yanga wakafika fainali, Ally Salim akapangua penalti na Simba wakashinda. Tanga nzima ilikuwa pale, na Kigombe ilikuwa pale, mashua zimelala. Basi watu wapo. Swali ni kama watu hao wanajitokeza Jumatano, Coastal inapocheza na timu isiyo na jina.

Hapa ndipo penye kidonda chetu. Wengi wetu huku pwani tuna wake wawili: mkubwa ni Simba au Yanga, mdogo ni Coastal. Mkubwa anahudumiwa, mdogo anapelekewa salamu. Yule kijana wa bodaboda alikuwa anaililia Coastal akiwa ndani ya jezi ya Yanga. Sikumkemea, maana mapenzi hayana hakimu. Lakini Simba au Yanga wakija Mkwakwani, nusu ya jukwaa inamshangilia mgeni, na mchezaji wa Coastal anageuka nyumbani kwake akijiona msafiri.

Nikupeleke mbali kidogo, uone ligi ambako mdogo naye ana zamu yake. Australia wana mpira wao wenyewe, unachezwa kwa mpira wenye umbo la yai, watu 18 kila upande, kwenye uwanja wa mviringo, mkono na mguu vyote ruksa. Ligi yao inaanza Machi na fainali kuu kwa kawaida inachezwa Septemba. Nako mwanzo wa msimu mashabiki wanakaa wakibishana kama sisi: tumesajili nani, nani mgonjwa, kocha anajua au hajui. Ila wao wana sababu ya kuota. Kanuni zao zinasema timu iliyoburuza mkia ndiyo inayotangulia kuchagua chipukizi bora wa nchi, na kila klabu ina kikomo cha jumla ya mishahara inayoweza kulipa. Mkubwa hawezi kununua kila mtu. Ndiyo maana Western Bulldogs walikaa miaka 62 bila kombe, toka 1954, wakalichukua 2016. Melbourne wakasubiri toka 1964 mpaka 2021. Mvumilivu wa kule anakula mbivu kwa sababu kanuni imemwekea sahani.

Hapa kwetu kanuni ni nyingine: chipukizi wetu bora anachaguliwa kwanza na aliyemaliza wa kwanza. Sitarajii hilo libadilike kesho. Kwa hiyo shabiki wa Coastal anayeota ubingwa anaota dhidi ya hesabu. Lakini nafasi ya nne si ndoto, tuliifikia 2024, tena kwa kulinda lango. Na upande wa pili, kushuka daraja nako si hadithi. Timu mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinakwenda kwenye mchujo. Kati ya nafasi ya nne na mchujo kuna umbali wa kipa mmoja mzuri na uwanja mmoja uliotunzwa.

Nihitimishe, msikilizaji wangu. Ukiniuliza mimi, Coastal Union yenye kipa thabiti, mabeki waliozoeana, kocha aliyeachwa afanye kazi na mechi zake 15 pale Mkwakwani ni timu ya nusu ya juu ya msimamo, na inaweza kuvizia nafasi ya nne. Ikikosa mawili kati ya hayo, iombe Mungu mapema. Hiyo ndiyo mizani yangu, na nitaitumia kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya mwisho, timu ikishinda au ikifungwa.

Na wewe wa Kigombe, wa Tongoni, wa Pangani, wa Muheza, nina ombi moja. Usisubiri Simba na Yanga waje. Chukua kadi yako ya uanachama, nunua jezi, na siku ya mechi ya kwanza ya nyumbani panda gari uende, hasa kama mpinzani ni yule asiye na jina. Pointi zake ni tatu, na kuzikosa ndiko kulikotushusha 2016. Tukutane Mkwakwani. Kila la heri, Wagosi wa Kaya.